Alama Chini ya Jani

Naapa kwa goti langu la kulia, ambalo ni la chuma na lilinisubirisha miezi minane kwenye foleni ya hospitali, kwamba kila neno hapa ni kweli tupu. Sijaongeza chumvi hata punje. Nilichobadilisha ni namba ya ngazi yetu tu, na kiwanda sikitaji jina. Sababu mtaiona mkifika huko mbele. Mengine yote yalitokea hapa mtaani kwetu Vanløse mwaka huu, kati ya Februari na Pasaka, na mimi nilikuwepo. Pale ambapo sikuwepo nilikuwa kwangu, ghorofa ya juu ya jirani zangu, na sakafu za jengo letu ni nyembamba kama biskuti.

Jumatatu moja ya Februari sauti iliyopenya sakafuni ilikuwa ya Regitze, jirani yangu wa chini.

"Limekuwa dagaa! Aksel, njoo uone! Nimechora jani, limetoka dagaa aliyekanyagwa!"

Aksel, mumewe, alitoka jikoni pole pole, mkono mmoja umeshika kiuno na mwingine umeshika kiazi nusu kimemenywa. Alikuwa mtunza majengo wa shule ya msingi hadi mgongo ulipomgomea Desemba akisukuma theluji. Sasa alikuwa nyumbani na cheti cha daktari, na manispaa ilikuwa imeanza kumpigia simu kwa upole kumuuliza mgongo unaendeleaje. Wakianza upole huo, ujue mkasi wa kukata posho uko mezani.

Akainama mbele ya skrini. "Mimi naona jani."

"Unaona jani kwa sababu unataka tule kwa amani."

"Haya, basi ni dagaa."

"Usinikubalie hivyo kama mtoto!"

Kiazi kikarudi jikoni pamoja na mwenyewe.

Regitze alikuwa amepaka majani ya bluu kwenye sahani za kauri kwa miaka thelathini na minne, kiwanda kile kile, kiti kile kile. Wiki mbili kabla ya Jumatatu hiyo, wapakaji wote kumi na sita waliitwa chumba cha mikutano wakakuta keki. Kwetu, ukiitwa ghafla kazini ukakuta keki na hakuna aliyezaliwa siku hiyo, shika mkoba wako. Casper, mkuu mpya wa ubunifu, kijana wa miaka thelathini na moja mwenye viatu vyeupe pe, aliwakatia vipande kwa mkono wake mwenyewe. Aliwaambia mikono yao haitapotea, ila tangu sasa itaishi ndani ya kompyuta. Kumi na tano wakaambiwa asanteni. Regitze akaambiwa abaki nyuma, kwa kuwa jani lake ndilo lililonyooka kuliko yote.

"Utatutengenezea brashi," Casper alimwambia. "Brashi ya kwenye programu ya kuchorea. Jani lako moja, halafu mtu yeyote akivuta mstari kwenye skrini, mstari unageuka kuwa jani lako. Ukiileta inafanya kazi, Ijumaa ya mwisho wa mwezi, nafasi ya kusimamia michoro ni yako mpaka pensheni. Isipofanya kazi, tuna kampuni itakayochora kwa kuangalia picha, na tutakushukuru kwa miaka yako."

"Sijawahi kutumia hiyo programu."

"Utaipenda. Binti yangu wa miaka tisa anaitumia."

Basi akapewa kompyuta ya kazini, kibao cha kuchorea na kalamu yake, na mafunzo ya nusu siku. Huko alikuta kiti chake kimebandikwa karatasi: REGITZE, ANAYEANZA. Anayeanza! Mwanamke ambaye nusu ya Ulaya imekula kwenye sahani zake! Aliibandua ile karatasi, akaikunja mara nne, akaitia kwenye pochi. Kila alipolipia kitu dukani aliiona, na hasira ikapata moto upya.

*

Tuirudie Jumatatu. Mara ya kwanza programu ilikuwa imelikataa jani kabisa, ikatoa kidirisha kwamba mchoro una vitu visivyoweza kuingia kwenye brashi. Alikuwa ameskani karatasi aliyoipaka kwa mkono, na mashine haitaki picha, inataka mistari yake yenyewe. Akalichora upya kwa ile kalamu, usiku na mchana, mpaka mashine ikalipokea. Sasa ililipokea, lakini kila alipovuta mstari, jani lilibanwa kutoka ubavuni, pana na fupi, dagaa.

Akajaribu tena. Dagaa. Akabadili unene. Dagaa mnene.

Aksel alipochungulia tena, alimkuta mkewe ameisimamisha kompyuta kwa ubavu juu ya meza, anaizungusha taratibu kwa vidole vya kushoto.

"Regitze. Unafanya nini?"

"Nageuza sahani."

Akasikia alichokisema. Mkono ukasimama.

Wapakaji wa kauri hawageuzi mkono, jamani. Mkono hukaa palepale na brashi huvutwa kuja kifuani, kutoka juu kwenda chini. Kinachozunguka ni sahani. Kwa miaka thelathini na minne Regitze hakuwahi kuchora jani kwa mwelekeo mwingine. Na lile alilolitia kwenye mashine lilikuwa limesimama wima, kutoka juu kwenda chini, wakati mashine ilidhani jani linaanzia kushoto na kuishia kulia. Ililinyoosha kwa ubavu kwa sababu hakuna aliyeiambia kichwa kiko wapi. Akafungua mipangilio ya brashi, akakuta mishale midogo minne, akabofya unaotazama chini.

Akavuta mstari. Jani likatoka: jembamba mwanzoni, likajaa tumboni, likaisha kama unywele.

"Hilo sasa ni jani," akasema Aksel, na safari hii hakuwa anatafuta amani.

 Mkono wa Regitze ulikuwa umeshashuka wenyewe chini ya lile jani la mwanzo, lile lililozaa brashi, ukaweka nukta mbili na kimkia. Hiyo ndiyo alama yake. Hakuwahi kumaliza sahani bila kuiweka chini, na ukimwalika chakula kwako, kabla hajakaa ataigeuza sahani yako aone aliyeipaka. Mara moja aligeuza yangu ikiwa na supu. Naapa.

*

Jumanne Casper alimpigia kwa video ili aone maendeleo. Alikuwa anakula, na hakuacha.

"Safi," alisema huku akitafuna. "Lakini nilitaka linenepe kidogo. Halafu hapo chini kuna uchafu gani?"

"Uchafu?"

"Hizo nukta."

"Ni alama yangu."

"Aa." Akafuta mdomo. "Regitze, tulielewana. Mkataba unasema brashi ni mali ya kampuni na haibebi alama ya mtu. Wateja hawanunui wewe, wananunua nafsi ya chapa yetu."

"Chini ya sahani nimeiweka miaka thelathini na minne. Hakuna mteja aliyelalamika."

"Hizo ni sahani. Hili ni faili. Iondoe, sawa? Na ulinenepeshe. Kazi nzuri sana kwa anayeanza."

Skrini ikawa nyeusi. Regitze akakaa akijitazama kwenye weusi ule, mdomo umekazwa. Kisha akaichagua alama. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufuta. Hakikushuka. Alifungua sanduku la rangi akaipaka alama rangi nyeupe juu ya karatasi nyeupe ya skrini, ikatoweka machoni. Asiione, lakini iwepo. Ndivyo alivyojiambia, kwa hasira, na hasira ilipopoa kidogo akasahau kabisa kwamba amefanya hivyo.

Kesho yake alilinenepesha jani, akazungushia kipanya eneo lote, akatengeneza brashi mpya na kuiweka juu ya ile ya zamani. Akavuta mstari.

Jani lilitoka jembamba kama mwiba, na halikukaa juu ya mstari. Lilisimama pembeni yake, kama abiria aliyeachwa na treni.

Akatengeneza upya. Pembeni. Akajaribu mishale yote minne. Likahama kutoka pembeni hii kwenda pembeni ile. Akanenepesha jani mara mbili. Likatoka mwiba pembeni ya mstari. Saa sita mchana Aksel alimwekea mkate mweusi wa rai uliopakwa ini la kusaga karibu na mkono. Saa tisa mkate ulikuwa umeanza kujikunja kingo.

"Kula basi."

"Nikila nitakitafuna na hiki kibao."

*

Hapa ndipo ninapoingia mimi, na naomba msinihukumu mapema.

Tulikutana chini kwenye chumba cha kufulia, Alhamisi. Regitze alikuwa anasukuma mashuka ndani ya mashine kama mtu anayemsukuma mwizi kwenye gari la polisi. Nikamuuliza kulikoni. Akanieleza. Sasa mtu yeyote mwenye akili angesema, pole jirani. Mimi nimeendesha malori miaka arobaini, nimejifundisha mwenyewe Kijerumani, saa za ukutani na ufugaji wa nyuki, na mdomo wangu haujui neno pole.

"Brashi za kwenye kompyuta?" nikasema. "Mbona hukuniambia mapema! Nimetengeneza za bekari za nusu ya rasi ya Jutland. Boksi za keki, mifuko, magari. Unayajua yale maua kwenye meli ya kwenda Oslo?"

"Wewe, Holger?"

"Kwa mkono huu."

Alinitazama. Mtu asiyezama haamini uwongo wa namna hiyo. Regitze alikuwa anazama, zimebaki siku nane.

"Basi niambie," alisema, na sauti ilipungua ikawa ndogo sana. "Kwa nini linakaa pembeni?"

Ningeweza kucheka na kukiri palepale. Badala yake nilikunja uso kama daktari. "Ni bluu," nikasema. "Bluu ni nzito kwa mashine. Ipoze kompyuta dirishani nusu saa, halafu lihifadhi faili mara saba kwa majina tofauti."

Akafanya hivyo. Mungu wangu, alifanya! Februari, dirisha wazi, Aksel na koti ndani ya nyumba. Ijumaa nikamwambia ashike kalamu kwa mkono wa kushoto ili kuisawazisha. Jumamosi nikamwambia achore duara arobaini, mashine izoee mkono wake. Jumapili nikamwambia afute programu na kuiweka upya, na hapo akapoteza mipangilio yote na siku nzima nyingine. Kila mara alinishukuru. Kila mara nilipanda ngazi nikiwa nimevimba kichwa, na kila ngazi kichwa kilipungua kidogo.

Jumanne alipanda mwenyewe hadi mlangoni kwangu na ile kompyuta kifuani.

"Nionyeshe kwenye ya kwako," akasema. "Fungua tu moja ya zile brashi za bekari, nione ulivyofanya."

Nikasimama mlangoni kwa upana wangu wote. "Leo nina ugeni."

"Nani?"

Kabla sijamzua mtu alikuwa ameshapita chini ya mkono wangu. Sebuleni kwangu kuna kompyuta, siwezi kusema hakuna. Ni boksi kubwa la kijivu la mwaka wa tisini na nane, na juu yake nimeweka chungu cha maua kwa kuwa ndilo lenye urefu unaofaa kwa dirisha. Regitze alilitazama boksi. Alitazama chungu. Akapitisha mkono nyuma yake, polepole, kama anayemtafuta paka.

"Holger, waya uko wapi?"

Nikanyoosha jani moja la ua.

"Nakuuliza waya uko wapi!"

"Haikuja nao. Niliinunua mnadani."

Nimewahi kukemewa na polisi wa nchi saba na mke wa kwanza. Hakuna aliyenikemea hivyo. Alisema kwa sauti ya chini, na kila neno aliliweka mahali pake kama anavyoweka majani.

"Casper ananiita anayeanza kwa sababu hajui nilichokifanya. Wewe unajua. Umeona sahani zangu tangu mwanangu yuko darasa la pili. Nimekaa dirishani na Aksel anatetemeka, nimechora maduara arobaini kwa mkono wa kushoto kama mwendawazimu, kwa sababu wewe ulitaka kuonekana mtu mbele ya mashine ya kufulia. Ijumaa nikikosa, tuna miezi minne humu ndani. Minne. Ukikuta nyumba yetu ina wapangaji wapya, washushie chungu chako."

Akashuka. Nilimsikia kupitia sakafuni. Hakulia, na afadhali angelia. Alikuwa anafungua na kufunga droo za jikoni, moja baada ya nyingine.

*

Jumatano maktaba yetu ina saa ya msaada wa kompyuta kwa wastaafu. Nilikuwa wa kwanza mlangoni. Dada mmoja mwenye pete puani, Signe, alinisikiliza nikieleza jani, mstari na pembeni, akauliza swali moja tu.

"Kuna kitu kingine kwenye mchoro ambacho hakionekani?"

"Kama hakionekani nitajuaje?"

Akabonyeza vitufe viwili kwenye mashine yake. Rangi zote za picha zikatoweka, zikabaki nyuzi nyembamba tupu, mifupa ya kila kitu kilichomo. "Brashi hupimwa na chochote kilichochaguliwa," akasema. "Mtu akiacha nukta moja nyeupe chini, mashine inaihesabu kama sehemu ya brashi. Inabana kila kitu ili nukta itoshe, na jani linasukumwa kando. Wanaoanza hukosea hapo kila wiki."

Ningempelekea Regitze jibu hilo kwa mdomo angenitupia kibao. Lakini Pasaka ilikuwa inakuja, na kwetu majira hayo mtu hukunja karatasi, akaikata kwa mkasi ikawa kama lesi, akaandika ushairi na kuituma bila jina. Mwandishi huweka nukta tu, moja kwa kila herufi ya jina lake. Ukimtambua, unamdai yai la chokoleti. Usipomtambua, yai unalitoa wewe. Mwenye adabu hutia ndani na ua jeupe la kwanza la majira. Nilikata mpaka vidole vikaota malengelenge. Nikaandika:

*Cheupe juu ya cheupe, macho yako hayafai,*
*Vua rangi, ona mifupa, kilichojificha hakikai;*
*Shika Ctrl kwa kidole, kingine kibonye Y,*
*Nukta zangu zihesabu: mimi nani? Dai yai!*

Kisha nikaweka nukta tisa. Holger ina herufi sita. Tatu zilikuwa za usalama.

Alhamisi asubuhi Regitze aliikuta chini ya tundu la barua. Aksel anasema aliisoma amesimama na koti, akasema "Ushairi mbovu kuliko wote duniani," akaenda kwenye meza na kubonyeza vile vitufe viwili bila hata kukaa.

Jani likawa uzi. Na chini ya jani, mahali palipokuwa patupu kwa siku tisa, zikatokea nukta mbili na kimkia.

"Ni mimi," akasema.

"Nini?"

"Ni alama yangu, Aksel. Mimi ndiye niliyeliharibu. Niliificha Casper asiione."

Aksel akasogea, akaangalia, akacheka hadi mgongo ukamkumbusha. "Basi ifute, twende zetu!"

Akaifuta. Akatengeneza brashi. Akavuta mstari, na jani likaketi juu yake, nene, limenyooka, zuri kuliko lile la Jumatatu. Aksel akapiga makofi. Alikuwa ameshashika simu kumpigia mtoto wao aliyeko Aarhus.

"Weka simu," Regitze alisema.

"Si imekubali?"

"Imekubali bila mimi."

"Mke wangu, ni nukta mbili."

"Kumi na tano wameondoka na makopo ya brashi kwenye mifuko ya plastiki. Unajua makopo mengine kiwanda kimeyapeleka wapi? Dukani kwao, dirishani, kama mapambo. Wana mkono wangu, wana jani langu, wana miaka yangu, na wanataka nijifute kwa kidole changu mwenyewe." Sauti ilianza kupanda. "Nukta mbili! Ndiyo, nukta mbili! Ndizo zote nilizowahi kuomba!"

Aksel akaweka simu.

Regitze alikaa. Ile barua ilikuwa mbele yake, imejaa matundu. Alipitisha kidole katika tundu moja, kikatokea upande wa pili. Karatasi haikuwa imeongezwa chochote; ilikuwa imepunguzwa tu, na kingo zake ziko palepale.  Kisha akashika kalamu, akaikuza picha mara thelathini, na ndani ya tumbo la jani, pale linapojaa zaidi, akakata matundu mawili na mpasuko wa kimkia. Nje ya jani hakukuwa na kitu. Mashine ilipima, ikakuta jani, jani tupu, ikaridhika.

Akavuta mstari. Jani likaketi mahali pake. Kwa macho ya kawaida uliona kama mwanga mdogo katikati ya bluu.

*

Ijumaa Casper alivuta majani ishirini mwenyewe, akipiga miluzi. Kisha akakunja macho.

"Hapa katikati kuna kama kitundu."

 Mbele ya Regitze kulikuwa na karatasi ya mkataba, na pembeni ya Casper mtu wa idara ya ajira aliyekuwa anatazama saa. Akamkumbuka mtu fulani amesimama kwenye chumba cha kufulia na uso wa daktari.

"Hicho ni cha hewa," akasema.

"Cha hewa?"

"Bluu ni nzito. Jani lisipopata pa kupumulia, rangi hutoa malengelenge kwenye tanuri. Hamkufundishwa?"

Casper alimtazama mwenzake wa ajira, kisha akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekumbuka. "Bila shaka. Hewa." Akaandika. "Wewe nani alikufundisha?"

"Nina jirani. Mtaalamu wa kimataifa."

Akatia saini. Alipofika kwenye kifungu cha alama za mtu binafsi alikisoma mara mbili, akakisainia pia, kalamu ikakwaruza karatasi hadi meza. Alipotoka nje alipita mbele ya duka la kiwanda. Makopo ya brashi yalikuwa dirishani kweli, na kwenye moja alisoma jina la mwenzake aliyekaa naye miaka ishirini, limeandikwa kwa kucha kwenye rangi. Hakwenda moja kwa moja nyumbani. Alizunguka ziwa la karibu mara mbili kwa hasira, na nafasi yake ya kazi mfukoni.

*

Wiki nne zilizofuata nilikuwa mtu mwenye raha. Niliwaambia majirani wa ngazi nzima kwamba Regitze ameokolewa na barua ya siri, labda ya mpenzi wa zamani, labda ya profesa. Nikipishana naye nilimuuliza kwa upole, "Bado hujamtambua?" Naye alijibu, "Bado, Holger. Ni mjanja mno." Nikaanza kuandika kisa chenyewe, haya mnayoyasoma, na kwa kujiamini nikampa kurasa akague majina.

Jumamosi ya kabla ya Pasaka aliingia kwangu na Aksel nyuma yake. Mkononi alikuwa na kurasa zangu na ile barua.

"Goti la kulia," akasema.

"Ndiyo?"

"Umeapa kwa goti la kulia. Ulipasuliwa la kushoto. Na si la chuma, walikusafisha tu. Mimi ndiye niliyekupikia supu."

"Ni lugha ya kisanaa."

"Na hii?" Akaiweka barua mezani, akaigeuza. Jamani. Miaka yote hiyo nimemwona akigeuza sahani, vikombe, bakuli la supu yangu mwenyewe, na sikufikiri kwamba ataigeuza karatasi. Nyuma ya lesi yangu, kwa wino wa maktaba, kulisomeka: Saa ya msaada kwa wastaafu, Jumatano. Mshiriki: Holger.

"Ulijua tangu lini?"

"Kabla sijafika kwenye ushairi. Nukta tisa, Holger! Hata jina lako mwenyewe umelitia chumvi."

Aksel alikuwa anacheka huku ameshika mlango. Regitze hakucheka. Aliendelea kunitazama, na nikaelewa kwamba zile siku nne za ushauri wangu hazijalipwa, na ushairi hauzilipi.

Nikavaa koti. Nikaenda kwa mtengeneza peremende wa barabara kuu, nikaacha mayai madogo, nikanunua lile la dirishani ambalo wenye akili huliangalia tu. Nikalibeba kwa mikono miwili, nikapanda ngazi kwa goti la kushoto, nikaliweka mbele yake. Na nikasema, pole jirani. Nilisema mara moja tu, lakini lilitoka zima.

Regitze alilichukua yai. Akaliinua, akaligeuza, akatazama chini.

"Halina alama," akasema.

Akatoa kisu cha siagi kwenye droo yangu, akanisukumia. Nikakwaruza jina kwenye chokoleti, herufi moja moja, naye amesimama kando yangu anahesabu kwa sauti mpaka ya sita.